Thuliamu: fahali wawili ndani ya uzi mmoja

Nimepotea kidogo, lakini sikukaa bure. Mjomba wangu alipatikana na mawe kwenye figo, na daktari akamwambia hatapasuliwa: mawe yatavunjwa kwa leza ya thuliamu inayopita ndani ya uzi wa kioo. Mjomba akanigeukia: "Wewe mtu wa kompyuta, hiyo taa haitaniunguza?" Nikakosa jibu. Mimi naandika programu tu. Basi nikaenda kusoma.

Hadithi inaanza Uswidi mwaka 1879, Per Teodor Cleve alipogundua elementi mpya akaiita thuliamu, kutokana na Thule, jina la kale la nchi za kaskazini ya mbali. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule California, kwa kutumia rubi. Mwaka 1964 Koester na Snitzer wakaonyesha kwamba uzi wa kioo uliotiwa neodimiamu unaweza kukuza mwanga.

Miaka ya 1980 jiko likahamia Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Mwaka 1987 David Payne na wenzake walikuza mwanga wa mawasiliano kwa erbiamu. Ujuzi huo ndio unaosukuma intaneti kwenye nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009. Thuliamu iliwashwa hapo hapo Southampton mwaka 1988, na David Hanna na wenzake. Lakini mwanga wake, karibu nanomita 2000, hupotea haraka kwenye nyaya ndefu za kioo. Watu wa mawasiliano wakampenda ndugu yake zaidi.

Ila thuliamu ilikuwa na kipaji kingine. Ndani ya kioo kila ioni ina majirani tofauti kidogo, kwa hiyo mwanga unatanda badala ya kubanwa kwenye urefu mmoja wa wimbi. Mwaka 2002 Clarkson, Hanna na wenzao waliweka nje ya uzi kioo chenye mistari midogo sambamba. Kwa kukigeuza tu, waliihamisha leza kutoka nanomita 1860 hadi 2090, kama unavyotafuta stesheni kwenye redio.

Je, stesheni mbili kwa wakati mmoja? Hapo ndipo shida. Mawimbi yote mawili yanakula nishati kutoka kwa ioni zile zile. Lenye nguvu kidogo zaidi linamnyima mwenzake chakula hadi anazimika. Fahali wawili hawakai zizi moja! Sisi waandishi wa programu tunaijua shida hii: kazi mbili zinapogombania rasilimali moja, moja hufa njaa. Dawa yao ni kupima hasara: lile lenye nguvu linapunguziwa mwanga unaorudi, mpaka yote mawili yatoshane. Faida yake? Chagua wimbi linalonyonywa na kaboni dioksidi na jingine linalopita bila kuguswa. Tofauti yao inakuambia gesi ni kiasi gani hewani.

Na mjomba? Karibu na nanomita 1940 maji hunyonya mwanga kwa nguvu sana, kwa hiyo hauzami mbali kwenye nyama, na daktari hupitisha maji kupoza. Kwa sababu thuliamu inahamishika, watengenezaji waliweza kuuchagua urefu huo huo.

Nilimweleza hivyo, akacheka, akaenda. Siku ya pili alikuwa nyumbani akidai chai.

Haya, tuonane tena.