Fuvu la Kabwe na Suala la Mwenyewe

Katika mabishano juu ya mifupa ya kale huwapo maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa: ni nani anayefaa kuichunguza, na ni nani mwenyewe. Ujuzi katika jambo la kwanza hauleti haki katika la pili. Fuvu la Kabwe, nchini Zambia, laonyesha mchanganyiko huo wazi kabisa.

Tarehe 17 Juni, 1921, katika machimbo ya risasi na zinki ya Broken Hill, kama Kabwe ilivyoitwa zama za ukoloni, mchimbaji Mswisi aitwaye Tom Zwiglaar alilifukua fuvu hilo pangoni, mahali palipojaa mifupa ya wanyama. Mwafrika aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye hakuandikwa jina. Kampuni ya machimbo ililipeleka London kama zawadi kwa Makumbusho ya Uingereza, na kabla ya mwaka kwisha Arthur Smith Woodward alikwisha kulitangaza kuwa la aina mpya ya binadamu, akaliita Homo rhodesiensis. Hivyo mtu aliyekufa karne zipatazo elfu tatu kabla ya Cecil Rhodes kuzaliwa akabandikwa jina la Rhodes.

Umri huo haukujulikana upesi. Kilima chenye pango kilichimbwa chote kwa ajili ya madini, na pamoja nacho ukapotea udongo ambao ungewasaidia wataalamu kupima. Yafaa jambo hili likumbukwe kila isemwapo kwamba vitu vya kale vilikuwa salama mikononi mwa Wazungu. Wengine walikadiria miaka 500,000. Ilipofika 2020, Rainer Grün, Chris Stringer na wenzao walitangaza, baada ya kupima mfupa wenyewe, kwamba umri wake ni kama miaka 299,000, ikipungua au kuzidi 25,000. Matokeo haya ni mazito. Mifupa ya Jebel Irhoud, Morocco, ambayo ina sura iliyokaribia yetu, nayo ni ya miaka kama 300,000. Basi yaelekea kwamba Afrika ya wakati huo ilikaliwa na binadamu wa aina zaidi ya moja, na huyu wa Kabwe huenda asiwe babu yetu hata kidogo.

Hapa ndipo hoja ya ukoo inapokwama. Huko Marekani mifupa ya Kennewick, iliyopatikana mwaka 1996, iligombewa kwa muda mrefu na wataalamu na makabila ya wenyeji. Uchunguzi wa DNA wa mwaka 2015 ukathibitisha udugu, na mwaka 2017 makabila hayo yakaizika. Zambia haina haja ya kushindana kwa njia hiyo. Dai lake ni la ardhi: kitu kilichotoka katika udongo wa nchi kilitolewa na watu wasiokuwa na nchi hiyo.

Sheria ya Uingereza haikulitazamia dai la namna hii. Sheria ya 1963 inayatia makumbusho pingu yasitoe mali yake. Ile ya 2004 inalegeza kidogo na kuruhusu mabaki ya binadamu yarudishwe, ila yawe ya mtu anayedhaniwa kufa chini ya miaka 1,000 iliyopita. Mwenye miaka 299,000 abaki alipo! Ukale, ambao ndio thamani yake, umefanywa kuwa kufuli lake. Mwaka 2018 kamati ya UNESCO ilizihimiza nchi hizo mbili ziendelee na mazungumzo.

Msomaji wa Kenya atakumbuka fuvu la Proconsul, ambalo Mary Leakey alilivumbua kisiwani Rusinga mwaka 1948. Nalo lilikaa London miaka mingi, likarudi Nairobi mwaka 1982 baada ya barua za zamani kuonyesha kwamba lilikuwa limeazimwa tu. Karatasi ndizo zilizoamua. Katika shauri la Kabwe karatasi zasema zawadi. Lakini mtoaji alikuwa kampuni iliyokwenda kutafuta risasi na zinki, na wenye nchi hawakuulizwa. Huko Lusaka, katika Makumbusho ya Taifa, mtazamaji huonyeshwa nakala.