Nani apishe mwenzake? Historia fupi ya njia zetu nyembamba

Ndugu msikilizaji, aliyekwisha kupita barabara ya Sake kwenda Masisi anajua hii: kamiyo mbili zinakutana pahali pembamba, kila shofere anapiga honi, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Abiria wanashuka, kila mtu anatoa hukumu yake. Nani mwenye haki?

Kanuni ya kwanza tuliirithi kwa Wabelgiji. Walituachia kuendesha upande wa kuume, na kumpisha anayetokea kuume kwako kwenye njia panda. Lakini kanuni hiyo haisaidii kitu magari mawili yakitazamana uso kwa uso mlimani.

Jibu la hapo limo katika mkataba wa usafiri wa barabarani uliofanywa Vienna tarehe 08/11/1968. Inchi yetu, ikiitwa Zaïre, ilijiunga nao mwaka 1977. Tarehe 30/08/1978 ikatoka sheria 78-022, sheria mpya ya barabara.

Mkataba unasema hivi: kwenye mlima mkali, anayeshuka asimame pembeni, anayepanda apite. Kama ni lazima mmoja arudi nyuma, gari dogo linapisha kubwa, na kamiyo inapisha basi. Yakiwa ya aina moja, anayeshuka ndiye anarudi, isipokuwa ikionekana wazi kwamba ni rahisi zaidi kwa anayepanda.

Sababu yake kila shofere wa Masisi anaifahamu. Kamiyo yenye mzigo ikisimama katikati ya mlima wakati wa mvua, magurudumu yanazunguka bure katika udongo, na inaweza kuteleza kinyumenyume. Sheria haikuuliza nani alifika kwanza ao nani ana honi kali. Iliuliza nani ataumia zaidi akisimamishwa.

Watu wetu walifika kwenye hesabu hiyo bila kusoma mkataba. Tazama chukudu inayoteremka kutoka Kibumba kuja Goma na mzigo wa makala. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Hapo anayeshuka ndiye anapishwa, kwa sababu hawezi kusimama haraka. Inaonekana ni kinyume cha sheria, kumbe roho yake ni moja.

Roho hiyo ilijaribiwa tarehe 27/05/2021. Siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakuu wa mkoa waliamuru sehemu ya mji wa Goma ihame. Barabara ya Sake ikajaa magari, pikipiki, chukudu, na watu wa miguu wenye kubeba watoto na magodoro. Tangu hapo vita imerudisha watu wengi kwenye barabara hiyo hiyo, wakienda na wakirudi.

Mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni hana honi. Akisukumwa kwenye mtaro, ni yeye anayeumia, wala si gari. Kwa hesabu ile ile ya mlimani, yeye ndiye wa kupishwa.

Basi ndugu shofere, kabla ya kuingia pahali pembamba, simama kwanza pale papana, uangalie mbele. Ukiona mwenzako anapanda na mzigo, ngoja. Na ukiona watu wa miguu wanapita na vyombo vyao, zima honi, uwaache wapite.