Kawia Ufike: Vyeti vya Kuzaliwa vya Bara Hindi

Hapana mtu awezaye kuwa shahidi wa kuzaliwa kwake mwenyewe. Siku hiyo alikuwapo, lakini hakumbuki neno. Tarehe, mahali na majina ya wazazi wake huyapokea kwa kuambiwa, naye huyaamini kwa sababu waliomwambia ni watu wa nyumbani. Nyumbani imani hiyo yatosha. Lakini siku anapotaka kuvuka mpaka na kukaa katika nchi ya wengine, afisa wa uhamiaji humwambia alete cheti. Je, ikiwa cheti hakikuandikwa siku zile, au kiliandikwa miaka arobaini baadaye, mtu huyo atathibitishaje maneno yake? Swali hili limewasumbua watu wengi wa Bara Hindi, na historia yake yafaa kujulikana nasi.

Si kwamba watu hao hawakuwa na kumbukumbu. Katika nyumba nyingi za Wahindu, mtoto alipozaliwa aliitwa mjuzi wa nyota, naye akaandika janmapatri, yaani karatasi ionyeshayo saa, siku na mahali pa kuzaliwa. Lakini wengi walihesabu miaka kwa kalenda ya Vikram Samvat, ambayo huitangulia kalenda yetu kwa miaka 56 au 57. Tena mwaka wake huanza baada ya sikukuu ya Diwali huko Gujarat, na miezi mingi kabla ya hapo katika majimbo ya kaskazini. Basi mtu aliyeandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1990 wa Samvat aweza kuwa alizaliwa mwaka 1933 au mwaka 1934. Akihesabu mmoja hivi na mwingine vile, karatasi mbili za mtu yule yule zitapishana kwa mwaka mzima, na wala hapana aliyesema uongo. Wengine hawakuwa na karatasi yoyote; mama alikumbuka tu kwamba mtoto alizaliwa mwaka wa njaa, au wa mafuriko, au wa tauni.

Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa na madaftari yake. Mwaka 1886 ilitunga sheria ya kuandikisha vizazi, vifo na ndoa, lakini kujiandikisha kwa sheria hiyo kulikuwa kwa hiari. Katika majimbo mengi mlinzi wa kijiji, aitwaye chaukidar, ndiye aliyekusanya habari za waliozaliwa na waliokufa akazipeleka kituo cha polisi. Shabaha kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kujua idadi ya watu na mwendo wa maradhi kama kipindupindu, wala si kumpa kila raia hati yake. Kwa hiyo mara nyingi jina la mtoto halikuandikwa, ila kwamba fulani wa kijiji fulani amepata mwana wa kiume. Mjukuu atafutaye habari za babu yake katika daftari kama hilo aweza kuupata mstari wenyewe, na bado asiwe na njia ya kuonyesha kwamba mtoto yule asiye na jina ndiye babu yake.

Shule ilileta tarehe za namna nyingine. Mwalimu alipompokea mtoto alitakiwa kuandika siku yake ya kuzaliwa. Mzazi asiyeijua alitaja majira, na mwalimu akakadiria siku akaiandika. Wako pia waliopunguza umri wa mtoto kwa makusudi, ili baadaye asije akazidi umri uliowekwa kwa mitihani au kwa kazi ya serikali. Tarehe hiyo ya kukadiria iliingia katika cheti cha kumaliza shule, na kutoka hapo ikaingia katika pasipoti. Kisha ukaja mwaka 1947, Bara Hindi ikagawanywa kuwa India na Pakistan, na watu zaidi ya milioni 10 wakavuka mpaka mpya. Aliyezaliwa Lahore akakimbilia Delhi aliiacha nyumba yake upande wa pili, na daftari la kuzaliwa kwake likabaki huko huko.

India huru ilitunga sheria mpya mwaka 1969, nayo ikaanza kutumika katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 1970. Sheria hiyo ililazimisha kila kizazi kuandikishwa, na kanuni zake zikaweka muda wa siku 21. Hata hivyo haikuwafungia mlango waliochelewa, bali iliwawekea ngazi za kupanda. Ajaye kabla ya siku 30 kutimia hulipa ada ndogo. Ajaye baada ya siku 30 lakini ndani ya mwaka mmoja huhitaji ruhusa ya mkubwa wa idara, na hadi mwaka 2023 alitakiwa pia kuleta hati ya kiapo. Mwaka ukipita, ilimpasa kupata amri ya hakimu wa daraja la kwanza, ambaye kwanza aliuchunguza ukweli wa jambo lenyewe. Mabadiliko ya mwaka 2023 yaliitoa kazi hiyo ya mwisho mikononi mwa hakimu huyo, yakawapa wakuu wa wilaya na maofisa walioidhinishwa nao.

Sheria huandikwa kwa siku moja, lakini desturi ya watu haigeuki kwa siku moja. Uchunguzi wa afya ya jamaa za India wa mwaka 2005 hadi 2006 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 41 tu ndio walioandikishwa. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2019 hadi 2021 ulionyesha 89. Kwa hiyo wako watu wazima wengi ambao cheti chao kilitolewa walipotaka kusafiri tu.

Hapo ndipo shaka huingia. Cheti kilichoandikwa wiki ya kuzaliwa hakikujua kwamba siku moja kutakuwa na safari, basi hakikuwa na sababu ya kudanganya. Cheti kilichoandikwa mwezi mmoja kabla ya safari chaweza kuwa cha kweli kabisa, lakini kimeandikwa na mtu mwenye haja. Afisa akishuku hafanyi kosa. Hukosea anapodhani kwamba kuchelewa na kudanganya ni kitu kimoja.

Jambo hili si geni kwetu Afrika ya Mashariki. Wahindi kiasi cha 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, na baada yao wakaja wafanyabiashara na mafundi wengi. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, uraia wa papo hapo ulimpata aliyezaliwa nchini ikiwa baba au mama yake naye alizaliwa nchini. Waliozaliwa hapa kwa wazazi waliozaliwa ng'ambo walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Tazama basi uzito wa jambo hili: haikutosha kijana kuonyesha cheti chake mwenyewe; ilimbidi aonyeshe pia kwamba baba yake alizaliwa Mombasa, wala si Porbandar. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 nayo iliwazuilia njia wenye pasipoti za Kiingereza ambao wao wenyewe, wazazi wao na wazazi wa wazazi wao hawakuwa na asili ya Uingereza. Mahali alipozaliwa bibi au babu pakawa ndipo penye kufungua mlango au kuufunga.

Serikali zilizokosa karatasi zilijaribu kuusoma mwili. Katika miaka ya 1970 Uingereza iliwapiga picha za eksirei baadhi ya watoto waliotoka Bara Hindi ili kukisia umri wao kwa mifupa, mpaka jambo hilo likalaumiwa na kuachwa mwaka 1982. Miaka michache baadaye upimaji wa vinasaba ukaonyesha bila shaka mtoto ni wa nani. Hata hivyo vinasaba havisemi mtu alizaliwa lini wala wapi.

Basi njia iliyobaki ni ya ushahidi, na kanuni za Marekani zaieleza kwa utaratibu. Kwanza mwombaji huleta cheti. Kisipokuwapo, huleta barua ya msajili ithibitishayo kwamba daftari limetafutwa na jina halikuonekana. Pamoja nayo huleta hati nyingine za zamani, kama za shule au za dini. Nazo zikikosekana, huleta viapo vya watu wawili au zaidi wasiohusika na ombi lenyewe, wenye kulijua jambo hilo kwa hakika. Kiapo chema hueleza shahidi ni nani, alikuwa na umri gani wakati ule, na alijuaje. Shangazi asemaye tu kwamba mtoto alizaliwa siku fulani hajasaidia sana. Asemaye kwamba alikuwa na miaka 16, naye ndiye aliyechota maji ya kumwoshea mtoto, amesaidia.

Mwanafunzi wa historia atatambua kwamba hii ndiyo kazi yake. Naye huuliza: maneno haya yaliandikwa lini, na nani, kwa haja gani, nayo yapatana na mengine? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu moja halitoshi. Hapa Kenya uandikishaji wa vizazi vya Waafrika ulienea hatua kwa hatua, ukafika nchi nzima mwaka 1971, basi wazee wetu wengi hubeba tarehe zilizokadiriwa na karani au mwalimu. Wangali wako wanaokumbuka nani alizaliwa kabla ya nani, na mwaka gani. Yafaa waulizwe na maneno yao yaandikwe sasa, pamoja na tarehe ya kuandikwa na jina la msemaji, kabla haijatokea haja yoyote. Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini shahidi akiisha kufa, aliyekawia hana pa kufika.