Manju Apendwaye na Wengi: Ushindani na Husuda katika Ngoma za Bariadi na Usukuma

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu mwenye kipaji cha kuchekesha umati hupewa sifa kubwa na, papo hapo, huandamwa na lawama. Lawama hizo hutoka pande mbili: kwa wasanii wenzake, na kwa wapenzi wa sanaa hiyo, ambao mtu angetarajia wawe wa kwanza kumshangilia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mafupi, yaani kwamba wote hao wana wivu. Mhadhara huu unashikilia kwamba wivu ni jina la jambo hilo, wala si sababu yake. Ili kuipata sababu, inafaa kuchunguza mahali ambapo ushindani wa kuvuta umati una historia ndefu na kanuni zinazojulikana. Mahali hapo ni Usukuma, na hasa eneo la Bariadi, nchi ya Wanyantuzu, ambalo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Uwanja na kanuni yake

Ngoma za Wasukuma, ambazo wenyewe huziita mbina, zimegawanyika katika pande mbili kubwa: Bagika na Bagalu, au kwa Kiswahili Wagika na Wagalu. Simulizi za Wasukuma zinawataja waasisi wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa pia, na ambao walishindana ili ijulikane ni nani mwenye uwezo zaidi. Vikundi vya ngoma vya aina mbalimbali, wakiwamo Bayeye wachezao na nyoka na Bagobogobo wachezao na majembe, vimejipanga katika pande hizo.

Msimu wa mashindano ni kiangazi, baada ya mavuno, wakati ambapo mkulima wa pamba ana nafasi na huenda ana fedha kidogo. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama, na upande unaopata umati mkubwa zaidi ndio unaoshinda.

Kanuni hii ndiyo chanzo cha mengi. Pale ambapo wasanii hutumbuiza kwa zamu, mtazamaji anaweza kumfurahia wa kwanza na wa pili pia. Katika uwanja wa Bariadi haiwezekani. Kila mtazamaji anayekwenda upande huu ameuacha upande ule, tena mbele ya macho ya anayeachwa. Kicheko kinachosikika ng'ambo ya uwanja ni hasara inayohesabika. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma ambaye kwa Kisukuma huitwa ning'i, hawezi kufurahia ufanisi wa mwenzake kama mtu baki.

Aidha, kanuni hiyo haiulizi umati umevutwa na nini. Manju anaweza kutunga wimbo mrefu wenye historia ya ukoo, mafumbo na mawaidha, akaufundisha kwa miezi kadhaa. Siku ya mashindano mpinzani wake hutoa chatu, au kinyago cha mbao kinachotikisa kichwa, au mchezaji anayejifanya mwendawazimu, na watu wakakimbilia huko wakicheka. Aliyeachwa hulalamika kwamba ustadi umeshindwa na kioja. Lalamiko hilo lina haki kiasi fulani, kwani wingi wa watu na ubora wa utungo ni vipimo viwili tofauti. Hata hivyo, mlalamikaji aliikubali kanuni kabla ya kuingia uwanjani, na msimu uliopita pengine ilimpa yeye ushindi. Uchungu wake unazidi kwa sababu hana wa kumshitakia.

Dawa ya mvuto

Katika mbina, mvuto wa manju hauelezwi kwa kipaji peke yake. Ipo dawa inayoaminiwa kuwavuta watu, iitwayo samba, na manju mashuhuri hutarajiwa kuwa nayo au kuwa na mganga anayemsaidia. Jina linalokumbukwa zaidi ni la Ng'wanamalundi, manju na mganga aliyeishi katika enzi za utawala wa Wajerumani na Waingereza, ambaye masimulizi ya uwezo wake wa ajabu yameenea kote Usukuma na kuingia hata katika Kiswahili cha mbali na huko.

Ni rahisi kuichukulia imani hii kama jambo la pembeni, lakini kazi yake katika ushindani ni kubwa. Kwanza, inampa aliyeshindwa maelezo yasiyomdhalilisha: hakukosa sauti wala ufundi, bali alizidiwa dawa. Pili, inawaepusha watazamaji na lawama ya kuwa na ladha duni. Tatu, na hili ndilo zito, inaweka shaka juu ya mshindi. Dawa ya kuvuta na dawa ya kudhuru hutofautishwa kwa maneno, lakini mjuzi wa moja hudhaniwa kuijua na nyingine. Hivyo jambo linalomfanya manju apendwe ndilo linalomfanya aogopwe. Katika eneo ambalo tuhuma za uchawi zimewahi kugharimu maisha ya watu, hususan wanawake wazee, shaka ya namna hiyo si mzaha.

Wapenzi wa ngoma na hofu ya kuachwa

Chuki ya wapenzi ina mizizi mingine. Mgika au Mgalu si mtazamaji tu. Ni mwanachama wa upande, na utani na majivuno ya upande huo humfuata sokoni na kilabuni. Manju wake anapokuwa wa watu wote, hata wa wapinzani, mpenzi wa zamani hupoteza kitu kilichomtambulisha. Anaona kwamba nyimbo zimelainishwa ili zisimwudhi mtu, na mafumbo ya Kinyantuzu yamepungua ili mgeni naye aelewe.

Historia ya karne ya 20 iliongeza nafasi za kulainika huko. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliziingiza ngoma katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza. Vyama vya ushirika wa pamba navyo, kisha TANU na baadaye CCM, viliwahitaji waimbaji wa kuhamasisha na kusifu. Manju aliyeitwa kuimba mbele ya viongozi alipata jina kubwa kuliko uwanja wa kijiji ungeweza kumpa. Lakini hapo umati haukuwa umechagua kati yake na mpinzani, bali ulikuwa umeitwa. Kwa mpenzi aliyezoea kanuni ya kale, umaarufu wa aina hiyo ulionekana kama ushindi usio na mashindano.

Kutoka uwanjani hadi luningani

Tofauti hii inasaidia kuelewa yaliyotokea mijini. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilikuwa na uwanja wake: Tanzania One Theatre, lililoundwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe yalipokezana mipasho, na vichekesho vilikuwa sehemu ya maonyesho yao. Aliyepigwa kijembe leo alijibu kesho. Katikati ya miaka ya 2000, kundi la Ze Comedy lilipata umaarufu mkubwa kupitia televisheni, na mchekeshaji akaanza kuingia katika nyumba za watu wasioweza kumjibu.

Mhusika mmoja wa kawaida wa vichekesho vya mjini ni mfugaji kutoka Usukuma, mwenye lafudhi nzito na mshangao usiokwisha. Katika mila ya utani, Msukuma hutaniwa na hutania. Pasipo jibu, utani hugeuka dharau. Luningani anataniwa bila nafasi ya kujibu. Msanii wa mkoani naye, ambaye huenda ni stadi zaidi, hana upande wa pili wa uwanja ambako angeweza kuuvuta umati ule ule.

Hitimisho

Ushahidi wa Bariadi unaonyesha kwamba uwanja wa mbina haukuiondoa husuda, bali uliipa kazi. Manju aliyeshindwa alitunga wimbo wa kumsuta mshindi, akasubiri kiangazi kingine. Uchungu wake ukawa utungo, na utungo ukahitaji kuwa bora kuliko ule ulioshinda. Pale ambapo nafasi ya kujibu imetoweka, uchungu hubaki kuwa manung'uniko, na mshindi naye hukosa mpinzani wa kumnoa.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, jambo hili lina matokeo ya wazi. Wimbo wa kusuta uliorekodiwa peke yake ni nusu ya mazungumzo. Ukihifadhiwa bila jibu lake, vizazi vijavyo vitasoma chuki mahali palipokuwa na mjadala. Wakusanyaji wa nyimbo za Bagika hawana budi kuvuka uwanja na kuzisikiliza za Bagalu, maadamu wazee wanaozikumbuka jozi hizo bado wapo.