Ukurasa Mzima

Historia ya intaneti katika simu ya mkononi, kwa mazoea ya wengi, huanzia pale Steve Jobs alipopanda jukwaani mjini San Francisco, tarehe 9 Januari 2007, akaionyesha iPhone. Mwanzo huo ni wa karibu mno. Intaneti ilikuwamo simuni tangu miaka minane kabla ya hapo, ila ilikuwamo vipandevipande.

Mwaka 1997 kampuni za Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet ziliungana kutunga kanuni za WAP, na mwaka 1999 Nokia ikatoa simu ya 7110 iliyozifuata. Kanuni hizo hazikuuleta ukurasa wa tovuti kwenye simu. Zilidai ukurasa mwingine, mdogo, ulioandikwa upya kwa lugha yake, wenye mistari michache na picha haba. Mwenye tovuti asiyekuwa na wasaa wa kuandika mara mbili hakuonekana. Na lango la kuingilia aghalabu lilikuwa la kampuni ya simu, ambayo ndiyo iliyochagua kipi kikae barazani na kipi kibaki uani. Wajapani walilifanya jambo hilo kwa ustadi zaidi: huduma ya i-mode ya NTT DoCoMo, iliyoanza Februari 1999, ilipata mamilioni ya watumiaji kwa muda mfupi. Hata hivyo kurasa zake nazo zilikuwa zimepunguzwa, na bawabu alikuwa DoCoMo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, miaka hiyo simu ilikuwa ya kuzungumza na kutuma ujumbe mfupi. Ujumbe ulikuwa na nafasi ya alama 160, herufi pamoja na mianya baina ya maneno. Ubeti wa utenzi, wenye mizani 32, uliingia humo ukabakisha nafasi ya salamu. Ubeti wa shairi la tarbia, wenye mizani 64, ulifika ukingoni, na mara nyingine kituo chake kikaangukia ujumbe wa pili, nao ulilipiwa peke yake. Wahandisi waliopanga kipimo hicho Ulaya katika miaka ya 1980 hawakujua kwamba walikuwa wakiupendelea utenzi. Ama intaneti yenyewe, hiyo ilifuatwa dukani, mbele ya kompyuta ya kukodi, huku saa ikihesabu.

Hapo katikati ulitokea werevu unaosahauliwa upesi. Mwaka 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilitoa duniani programu ya Opera Mini: kompyuta za kampuni ziliusoma ukurasa, zikaubana, kisha zikautuma ukiwa mwepesi hadi kwenye simu ya vitufe. Wasomaji wengi wa Afrika waliiona tovuti kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Nokia nayo ilikwisha kuweka katika baadhi ya simu zake kivinjari kilichoonyesha ukurasa kamili, lakini kuutembeza kwa vitufe kulichosha.

iPhone iliingia madukani Marekani tarehe 29 Juni 2007. Ilikuwa na kasoro zake: mtandao wake ulikuwa wa kizazi cha pili, na ile bei ya dola 499 ilifuatana na mkataba wa miaka miwili. Jambo kubwa lilikuwa kioo. Kilionyesha ukurasa uleule uliomo katika kompyuta, na vidole viwili vikaukuza au kuupunguza. Mwenye tovuti hakulazimika tena kuomba lango kwa mtu. Google nayo iliutoa mfumo wa Android kwa watengenezaji bila malipo, simu yake ya kwanza ikauzwa Oktoba 2008, na bei zikaanza kuteremka.

Simu peke yake, hata hivyo, isingefaa kitu pwani pasipo waya. Waya wa telegrafu uliolazwa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. La ajabu ni kwamba miaka 130 baadaye intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa bado inapitia setilaiti, ghali na kwa kusuasua. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo ulifika TEAMS, uliotoka Fujairah hadi Mombasa, karibu njia ileile ya majahazi ya kaskazi. Mwaka 2011 Safaricom ikauza nchini Kenya simu ya IDEOS ya Huawei kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Simu ya kupangusa ikaanza kukaa mfukoni pamoja na kitochi, au mulika mwizi kama waitavyo Wakenya.

Kwa wapenzi wa ushairi, faida ya ukurasa mzima inaonekana vyema katika miswada. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alikusanya tungo za Muyaka bin Haji, na karatasi hizo zikaishia London, katika chuo cha SOAS. Kwa miaka mingi aliyetaka kuiona miswada ya chuo hicho alihitaji nauli na barua ya utambulisho. Sasa picha za mingi kati yake zimo mtandaoni. Hati ya Kiarabu katika Kiswahili hutumia herufi moja kwa sauti kadhaa, be ikasomwa b, p au mb, hivyo msomaji hana budi kuikaribia nukta na irabu. Simu ya WAP haikuweza kamwe kuionyesha karatasi hiyo. Vidole viwili vinaweza.

Lakini vipande vimerejea. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, na polepole watu wakaacha kurasa wakahamia ndani ya programu. Mwaka 2014 huduma ya bure ya Facebook, kwa ushirikiano na kampuni za simu, iliingia Tanzania na Kenya ikiwa na tovuti chache zilizoteuliwa: lango lilelile la mwaka 1999, limepakwa rangi mpya. Kuna na bando za WhatsApp pekee. Mwenye bando hiyo hafiki London kwenye miswada.

Tangu mwaka 2013 WhatsApp hupeleka sauti, na ushairi umerudi kughaniwa. Hilo ni jema, kwani shairi la Kiswahili ni la sikio kwanza. Tofauti iko katika makazi yake. Tungo za Muyaka, aliyeishi hadi karibu na mwaka 1840, zina kabati na namba, na mwaka 1940 zilipata diwani. Shairi lililoghaniwa jana likatumwa kwa watu mia mbili halina anwani, halitafutiki, na jina la mtunzi hudondoka baada ya kupokezanwa mara mbili au tatu. Simu ikijaa, mwenyewe hufuta video na sauti kwanza, kwa kuwa ndizo zinazokula nafasi.