Semboja Alibaki Njiani

Mvua inyeshayo upande wa kusini wa misitu ya Magamba huteremka Soni na Mombo hadi mto Mkomazi, kisha Pangani. Inyeshayo juu ya Mlalo huingia mto Umba na kumwagika baharini Vanga, nchini Kenya. Lukozi imo katika nyanda hizo za juu, na mazao yake, kama maji hayo, sharti yateremke.

Katika Alpi, watu wa Uri walineemeka kwa kukishika kipito cha Gotthard wakiwa huko huko mlimani. Usambara mambo yalikwenda kinyume. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, alitawala kutoka Vuga. Wasambaa waliita nchi yao Shambaai, na tambarare ya chini wakaiita nyika. Mfalme mwenye nguvu za mvua aliketi Shambaai, na kodi zilimpandia. Lakini mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini kabisa, kando ya njia ya misafara ya bonde la Pangani. Biashara ikampa bunduki. Miaka michache baada ya kifo cha baba yake alimng'oa Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti, akamweka Vuga mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu.

Yeye hakuhamia Vuga. Wanafunzi hulipita jambo hili haraka, nami naliona ndilo kiini cha kisa chote: mshindi alikiachia kiti cha enzi kwa mtoto, akabaki njiani.

Wajerumani waliielewa hesabu hiyo. Walijenga Wilhelmstal, Lushoto ya leo, kwa ajili ya hewa baridi, lakini reli kutoka Tanga, iliyofika Mombo 1905, ilipita nyikani. Mlima ukawa wa kuhudumia kituo.

Leo kabichi, karoti na viazi vya Lukozi hupakiwa malorini kwenda Dar es Salaam. Mnunuzi hununua kwa gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba, na mkulima hulipwa kama gunia moja. Mboga huoza, hawezi kungoja mnunuzi mwingine, hasa barabara ikiharibika kwa mvua. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi. Maafisa wanaosoma hapa watueleze mizani yao husimama wapi: sokoni Lukozi kabla gunia halijashonwa, au barabarani, mkulima akiwa amekwisha kulipwa na kurudi shambani?