Maji ya Ziwa na Barua ya Mwaka 1929

Ndugu wasikilizaji, iko barua moja iliyoandikwa Cairo tarehe 7 Mei, 1929. Mwandishi wake ni Lord Lloyd, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, naye alikuwa akimjibu Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha. Wengi wetu hatujapata kuiona barua hiyo, lakini inatuhusu sana sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa Victoria. Ndani ya makubaliano hayo mlikuwa na ahadi kwamba, bila Misri kukubali kwanza, haitajengwa kazi yoyote ya umwagiliaji wala ya umeme katika mto Nile na matawi yake, wala katika maziwa unakotoka, ndani ya Sudan na nchi zote zilizo chini ya utawala wa Uingereza, endapo kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, au itabadili majira ya kufika kwake, au itashusha kina chake kwa kiasi cha kuidhuru Misri.

Nchi hizo zilizotajwa kwa mkupuo ni Uganda, Kenya na Tanganyika. Msukuma hakuulizwa. Mganda hakuulizwa, wala Mjaluo. Tena Tanganyika wakati huo haikuwa hata koloni la Uingereza kwa jina; ilikuwa nchi iliyokabidhiwa Waingereza na Shirikisho la Mataifa wailee kwa faida ya wenyeji wake. Mlezi akaenda kuweka rehani maji ya mtoto.

Ili kuelewa mambo yalifikaje hapo, inatubidi turudi nyuma mpaka Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiandika kwa jina la Kaze. Mwezi Novemba, 1857, walifika hapo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakitafuta chimbuko la Nile. Walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, naye ndiye aliyewaeleza kwamba si ziwa moja liko huko mbele bali ni maziwa kadhaa, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuyajua hayo kwa biashara yao ya pembe na ya watumwa, na wakazi wa ziwani waliyajua tangu enzi za babu zao.

Mwaka uliofuata Burton akiwa mgonjwa Kaze, Speke akaenda kaskazini na tarehe 3 Agosti, 1858, akaliona ziwa akiwa Mwanza. Alikaa siku chache tu. Hakuona mahali mto unapotokea, lakini akarudi akitangaza kuwa chimbuko la Nile amelipata, na ziwa akalipa jina la malkia wake. Burton akambeza. Ajabu ni kwamba aliyebahatisha ndiye aliyesema kweli: Julai 1862 Speke, akipitia kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alifika Jinja na kuyaona maporomoko ambapo ziwa linamwagika na kuanza safari ya kwenda Misri. Mwaka 1864 alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kati yake na Burton.

Katika safari zote hizo alikuwapo mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay, Myao kwa kuzaliwa. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na alipopata uhuru wake akarudi Unguja. Huyu aliwaongoza Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley alipomtafuta Livingstone, na baadaye Cameron aliyevuka bara lote mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa miguu! Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Sijui ni wanafunzi wangapi wa leo wanaomjua kwa jina, ingawa jina la Speke wanalijua wote.

Baada ya wapelelezi wakaja wenye bendera, na wa kwanza kati yao hakuwa Mzungu. Khedive Ismail wa Misri alitaka mto wote, kutoka mdomoni hadi chimbuko. Mwaka 1869 alimwajiri Samuel Baker na kumtuma kusini na majeshi. Mwaka 1872 Baker akatangaza pale Masindi kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri, na Omukama Kabalega akamtimua. Mwaka 1875 Ismail akajaribu mlango mwingine. Alituma manowari Bahari ya Hindi, zikateka Barawa na Kismayu kwenye pwani ya Sultani Barghash wa Unguja, kwa nia ya kufungua njia ya kwenda kwenye maziwa. Barghash akalalamika kwa Waingereza, na Wamisri wakaambiwa wafunge virago. Kwa hiyo anayedhani kwamba wasiwasi wa Cairo juu ya ziwa letu ulianza na redio na magazeti ya siku hizi, ajue una umri zaidi ya miaka 150.

Waingereza nao walipoishika Misri mwaka 1882 waliurithi wasiwasi huo. Mwaka 1894 wakaitwaa Uganda, na mwaka 1898 nusura wapigane na Wafaransa pale Fashoda kwa ajili ya kipande cha mto kilichozungukwa na vinamasi. Pamba ya Misri ililisha viwanda vya nguo vya Lancashire, na asiye na maji hana pamba. Ndipo ikaja Sudan: Waingereza walifungua huko mashamba makubwa ya Gezira na kujenga bwawa la Sennar. Mwaka 1924 Gavana Mkuu wa Sudan, Sir Lee Stack, alipouawa mjini Cairo, Waingereza wakaitisha Misri kwamba Gezira itamwagiliwa bila mpaka wowote. Ni tishio ambalo Mmisri hawezi kulisahau, maana mvua kwake ni hadithi. Makubaliano ya 1929 yalikuwa ni ya kumtuliza, na yalimpa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka. Sudan ikapewa bilioni 4. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana upya: bilioni 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudan, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa ni za kupotea kwa jua. Jumla 84, yaani mto wote. Ethiopia, ambako hutoka zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Aswan, haikukaribishwa mezani.

Ndugu wasikilizaji, Tanganyika ilipojitawala ilikataa mzigo huo mapema. Mwezi Novemba, 1961, Mwalimu Nyerere alieleza Bungeni kwamba mikataba ambayo Uingereza ilitufungia na nchi moja moja tutaiheshimu kwa miaka miwili tu, na katika muda huo ama tutaijadili upya ama itakufa yenyewe. Na tarehe 4 Julai, 1962, Serikali ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Barua haikuwa ya matusi. Ilikiri kwamba Nile ni uhai wa nchi zote zinazoitumia, na ikasema tuko tayari kuzungumza. Misri ikajibu Novemba 1963 kwamba makubaliano yanaendelea mpaka yatakapopatikana mengine. Kila upande ukaweka jibu la mwenzake kabatini, na miaka arobaini ikapita.

Watu wa Shinyanga na Kahama ndio walioumia katika miaka hiyo. Ziwa wanalo jirani, na visima vyao vinakauka kila kiangazi. Wazo la kuyapeleka maji huko si geni. Hata Wajerumani waliwahi kuchora mpango wa kuyashusha katika mbuga za Manonga na Wembere ili kulima pamba. Tatizo lilikuwa fedha, na fedha nazo zilikuwa na masharti: Benki ya Dunia kwa utaratibu wake hutaka nchi nyingine za mto zijulishwe kabla haijakopesha. Mwishowe Tanzania ikaamua kutumia fedha zake. Chanzo kikajengwa Ihelele, Misungwi, na mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi wa maji ya Shinyanga na Kahama. Baadaye bomba likasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, ile Kaze ya Snay bin Amir. Cairo ilinung'unika mwanzoni, lakini hakuna vita iliyopiganwa. Tena ni kampuni za Misri zilizotujengea bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Ila hilo liko Rufiji, mto usio na undugu na Nile.

Kwa nini hapakuwa na vita? Hesabu inajieleza. Maji yanayotoka Jinja yanaingia katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na huko karibu nusu yake huishia kwa jua na manyasi. Misri na Sudan zilianza kuchimba mfereji wa Jonglei mwaka 1978 ili kuyaokoa. Vita ya Sudan ikausimamisha, na kiongozi wa wapiganaji, John Garang, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mradi huohuo. Ndoo za Shinyanga hazimkaushi Mmisri. Kilichokuwa kikigombewa ni ruhusa: nani amwombe nani. Nadhani hapo Cairo ilikosea kwa muda mrefu, ingawa hofu yake siidharau. Watu zaidi ya milioni 100 wanaotegemea mto mmoja wana haki ya kuogopa.

Mazungumzo ya pamoja yalianza kupata sura Dar es Salaam mwaka 1999, ulipozinduliwa mpango wa nchi za bonde la Nile. Mei 2010, Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zikatia sahihi mkataba mpya, Kenya ikafuata siku chache baadaye. Kipengele kimoja kilishindikana. Wengi waliandika kwamba usalama wa maji wa nchi yoyote usiathiriwe kwa kiasi kikubwa. Misri na Sudan zikataka iandikwe kwamba matumizi na haki walizo nazo sasa zisiguswe. Yaani 1929 na 1959 ziingie kwa mlango wa nyuma. Mkataba ulianza kazi tarehe 13 Oktoba, 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia, huku Misri na Sudan zikiukataa. Ethiopia haikungoja: bwawa lake kubwa lililoanzwa 2011 lilizinduliwa Septemba 2025.

Lakini tusijifanye malaika sisi wa ziwani. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ziwa lilishuka mno, na ukame haukuwa sababu pekee. Mabwawa ya Jinja yalikuwa yakifungulia maji zaidi ya kipimo kilichokubaliwa tangu ukoloni, kwa sababu Uganda ilikuwa na njaa ya umeme. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza waliona ufuko ukisogea mbali na nyumba zao, na hakuna aliyewaandikia barua kuwaomba ruhusa. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa likafurika kupita rekodi za nyuma, likaingia majumbani; watu wakauliza tena huko Jinja wamefungulia kiasi gani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tume yake ya bonde la ziwa, makao yake Kisumu. Malango ya Jinja yako mikononi mwa Uganda, na nchi hizi tatu zilizokataa kupangiwa na Cairo bado zina deni la kukubaliana zenyewe kwa zenyewe ni nani afungue, lini, na kwa kiasi gani.